Yowe Katika Vidole vya Bibi

Mwaka ule vidole vya Bibi vilianza kuamka nyuma yake. Yeye mwenyewe aliamka kama siku zote, jogoo bado anajinyoosha, akachochea moto, akaketi kwenye kigoda na kuilaza mikono mapajani kama vifaranga wawili walionyeshewa. Kisha akavisubiri vidole. Jua lilipofika kwenye migomba, kidole gumba kilikubali kukunjika, halafu cha shahada, na hivyo hivyo kimoja kimoja kwa uvivu. Wakati wa kusubiri alikuwa akivisemesha kwa Kikurya, maneno ambayo siyaandiki hapa, maana huenda mtoto wa mtu akasoma.

Nilikuwa nimekwenda kijijini kwake, Itiryo, kumsalimia. Mimi ndiye mjukuu aliyelelewa na yeye, tangu meno ya utoto mpaka namaliza kidato cha nne, na kila nikipewa ruhusa kazini napanda gari kutoka Mugumu narudi kwake. Safari hiyo nilikuta vifundo vya vidole vyake vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, kana kwamba kila kiungo kimemeza gololi. Nikavishika. Vilikuwa vya moto.

"Bibi, una homa ya mikono?"

"Nina mikono ya homa," akasema. "Hebu shika maziwa hayo kabla sijayamwaga tena."

Hapo kwenye "tena" ndipo nilipoona vipande vya kibuyu karibu na mlango. Kibuyu chake cha maziwa ya mgando, alichokuwa anakisugua kwa makaa ya moto mpaka maziwa yananukia moshi mtamu, kilikuwa kimemponyoka. Wala hakikuwa cha kwanza. Alikuwa amevifagilia pembeni, hakuvitupa, kama mtu anayesubiri kuomba msamaha.

Zizini alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja tu, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Alimlea mwenyewe tangu ndama, mama yake alipokufa kwa ugonjwa, akimnywesha maziwa ya jirani kwa kidole. Sasa ng'ombe huyo alikuwa na mimba, bado changa, na mimba hiyo ikageuka kuwa saa ya ukutani ya familia yetu. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, anauza mabati na misumari Tarime mjini. Alikuja Jumapili hiyo, akala, akanawa, akasema shauri lake bila kuzunguka.

"Mama, sikufukuzi hapa kwako. Ng'ombe akizaa ukaweza kumkamua, mimi nanyamaza. Ukishindwa, yeye nampeleka kwa rafiki yangu anayefuga, na wewe unakuja mjini. Kuna feni, kuna luninga, kuna mke wangu wa kukupikia."

"Mke wako namjua," Bibi akajibu. "Na hiyo feni, mura, naikamua wapi?"

Mura kwetu ni kijana wa kiume aliyekomaa. Baba mdogo ana kipara na tumbo, lakini kwa mama yake bado ni mura. Alicheka, ila hakubadili neno. Na mimi sikumlaumu. Alikuwa ameona mama yake akijaribu kufungua kifuniko cha chupa ya chai kwa meno.

Kazi yangu mimi ni ya mgahawani, Mugumu, hatua chache tu kutoka hospitali. Asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage, ugali dagaa, jioni naosha sufuria huku naota. Nilikuwa nataka kuwa daktari. Kemia ilinikataa kwenye mtihani, lakini mimi sikuikataa. Manesi wanapokula wakaanza kuzungumza habari za wodini, mimi hupangusa meza yao kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Mmoja wao aliwahi kuniambia, "Mdogo wangu, hiyo meza utaitoboa."

Aliyenizoea zaidi alikuwa daktari mmoja, dada mwembamba kutoka Njombe aliyeletwa Mara na ajira. Alikuwa analalamika kwamba viazi vya huku havina adabu, na kila siku anavimaliza. Huyo ndiye niliyemweleza habari za gololi za Bibi. Akaweka kijiko chini.

"Zinauma asubuhi zaidi? Mikono yote miwili?"

"Yote. Asubuhi hawezi hata kushika kikombe."

"Mlete. Usimwache mpaka viungo viharibike. Vikishaharibika dawa haivirudishi."

Kumtoa Bibi Itiryo ni sawa na kung'oa kisiki, lakini nilimwambia kwamba ni kwa ajili ya ng'ombe, akavaa viatu. Njiani aliwasalimia abiria wote, akatapika kidogo, akamwambia dereva anaendesha kama mwizi wa mifugo. Hospitalini wakamtoa damu, wakapiga picha ya mikono, daktari akabonyeza kila kifundo taratibu huku akimtazama usoni. Mchana akaja mgahawani kula, akaketi meza moja na Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huku hawakupi maziwa?"

Daktari akacheka, kisha akaanza kumweleza. Alikuwa na tabia nzuri ya kumweleza mtu mzima kama mtu mzima. Akasema mwilini kuna seli za ulinzi, zimekaa kila mahali, chini ya ngozi, kwenye maungio, tumboni. Mwiba ukikuchoma na uchafu ukaingia, seli ya hapo hapo inaugusa, inaujua kuwa ni mgeni, inatoa molekuli, yaani chembe ndogo ndogo sana za kupeleka habari. Mishipa ya damu ikipata habari hiyo inajitanua. Damu inaleta joto, maji, na seli nyingine nyeupe za kupigana. "Ndiyo maana panavimba na kuwa pa moto, Bibi. Uvimbe wenyewe ni msaada uliofika."

Bibi akaacha kutafuna. "Hilo ni yowe," akasema.

Daktari akanitazama. Njombe labda wanalia kwa namna nyingine. Basi Bibi akamfundisha. Kwetu mifugo ikiibwa, wa kwanza kuona anapiga yowe. Wa mlima wa pili anasikia, anapiga naye. Kila mji, yaani kila boma, unatoa mwanaume, anachukua upinde au rungu, hata kama alikuwa anaoga, wanafuata nyayo za ng'ombe. Asiyetoka wakati wa yowe, siku nyingine wakimwibia atajililia mwenyewe.

"Ndivyo hivyo hasa," daktari akasema, macho yamemng'aa. "Sasa kwenye maungio yako yowe linapigwa na mwizi hayupo. Walinzi wamewaona watu wa nyumbani kama wageni."

Nilidhani Bibi atauliza dawa. Akauliza kitu kingine. "Na wa kulizima ni nani?"

Mimi nilikuwa nimebeba sahani chafu, na nikabaki nazo. Daktari akavuta pumzi kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka mingi. Akasema ndani ya seli ya ulinzi kuna protini moja, huyo ndiye mpiga yowe. Siku za amani amekumbatiwa na protini nyingine, imemshika kiunoni haimwachii, hawezi kuingia kwenye kiini cha seli. Habari ya hatari ikifika, yule anayemkumbatia anavunjwavunjwa. Mpiga yowe anapata nafasi, anakimbilia kwenye kiini, anafungua jeni hii na ile, na seli inaanza kutengeneza zile molekuli za kuwaita wenzake.

"Lakini sikiliza hapa, Bibi. Katika jeni anazozifungua, mojawapo ni ya kumtengeneza upya yule yule wa kumkumbatia."

"Anajitengenezea wa kumfunga?" nikadakia mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Pale pale anapopiga yowe. Wa kumkumbatia anatengenezwa, anaingia, anamshika, anamtoa nje. Kukitulia, kumetulia. Na si yeye peke yake. Kuna seli kazi yao ni kupita katikati ya wengine na kutoa molekuli za kusema basi, inatosha. Na waliokuja kupigana wakifa, kuna seli zinazokula mabaki yao, na zikishakula zinabadili lugha. Zilikuwa zinaita, sasa zinatuliza na kuponya kidonda."

Mwenye mgahawa akaniita jikoni kwa sauti ambayo ingeamsha mlima wa pili. Nikaenda, lakini akili niliiacha pale mezani. Jamani, nilikuwa na miaka yangu yote hii na sikujua kwamba ndani ya kidole changu kuna mtu anayepiga kelele huku akimwita wa kumziba mdomo. Mpaka leo nikimuwaza mpiga yowe huyo namwona na sura ya Baba mdogo, na anayemkumbatia kiunoni ana sura ya Bibi.

Niliporudi na chai nikamkuta Bibi ndiye anayesimulia. Alipokuwa bado bibi harusi, alisema, yowe lilipigwa kwa ng'ombe aliyekuwa ametumbukia kwenye korongo la mwenye ng'ombe. Wanaume wakaja kutoka kila upande. Hakuna nyayo, hakuna mwizi, na damu imeshachemka. Mmoja akavunja uzio. Wengine wakapita katikati ya mashamba ya watu ya wimbi. Mpita njia aliyekuwa anauza chumvi wakamkamata na kuanza kumuuliza habari za babu yake. Ndipo mama mkwe akawaita wake wote wa mji ule watoke na vibuyu vya maziwa, kila mwanaume apewe mkononi.

"Mwanaume mwenye kibuyu mdomoni hawezi kuvuta upinde," Bibi akasema. "Wakanywa, wakaona haya, wakaenda kwao mmoja mmoja. Yowe hulipiga mtu mmoja, mwanangu. Kulizima ni kazi ya mji mzima." Akaitazama mikono yake mezani. "Kumbe humu ndani sina wanawake wa kutoa vibuyu."

"Wapo," daktari akasema. "Wamezidiwa. Dawa nitakayokupa ni ya kuwasaidia."

Akampa vidonge vidogo vya njano vya kunywa siku moja tu kwa wiki, na vingine vya kusindikiza. Akarudia mara nyingi: siku moja kwa wiki, si kila siku, na akipata homa au vidonda mdomoni aache na aje haraka. Akasema pia visiguswe na mtu mwingine. Bibi akachagua siku ya gulio, soko la kila wiki, maana siku hiyo hata kuku wa Itiryo wanaijua. Aliporudi kwake, mimi nikawa nampigia simu kila gulio.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama mkwe."

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika, akaanza kumsema daktari na kukonda kwake. Halafu siku moja akanipigia yeye, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kwa sababu anaamini salio huvuja. Akasema, "Leo vidole vimeamka pamoja na mimi." Nikamsikia anasuka kitu, kshh, kshh, na nikajua ni maziwa ndani ya kibuyu kipya. Nililia kwenye sufuria ya maharage. Mteja akasema siku hiyo chumvi imekolea.

Kuanzia hapo mimi nikawa na maisha mawili. Moja la chapati. Jingine la usiku wa simu yangu ndogo, nikitafuta habari za seli, nikitafsiri Kiingereza neno kwa neno mpaka kichwa kinawaka. Sikuelewa hata robo. Lakini nilipokuwa naelewa kidogo, nilifurahi kama niliyepokea zawadi ya harusi. Nilikuwa nikipanda gari napita vijiji vya njiani, naona moshi wa jioni juu ya kila mji, nawaza: hivi ndivyo tulivyo hata ndani ya mwili, mji na mji, habari zinapita kutoka kilima hadi kilima, na mahali fulani kuna mwanamke anatoka na kibuyu.

Kisha Bibi akaanza kujibu simu kwa neno moja. "Nzuri." "Nimekunywa." "Mzima." Bibi ninayemjua mimi hana jibu la neno moja, hata ukimuuliza jina. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limeanza kushuka, Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuulizia gari la kubebea mifugo. Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Nilimkuta hayupo nyumbani. Alikuwa kwa jirani yake, mama mmoja walioolewa msimu mmoja, wakalea watoto pamoja, wakazeeka wakibishana nani alikuwa mzuri zaidi siku ya harusi. Jirani alikuwa amelala kitandani, midomo imechubuka, ndani ya kinywa vidonda, anameza mate kama anameza miiba. Mwili una joto. Bibi alikuwa ameketi kando yake na kikombe cha uji, na vidole vilivyoshika kikombe vilikuwa vimevimba upya, vya moto, kama sikuwahi kumpeleka popote.

Nikaelewa nusu. Nusu nyingine nikaikuta kwenye kopo la vidonge. Lilikuwa tupu, na tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa bado mbali.

"Bibi, vidonge viko wapi?"

Akamtazama jirani. Jirani akatazama dari.

"Magoti yake yanamuuma," Bibi akasema. "Alinikuta nakunywa. Ulitaka nifanyeje? Niseme subiri nimalize? Tangu lini nikala yeye akanitazama? Moto wangu ukizimika nachukua kaa kwake. Chumvi yake ikiisha anachukua kwangu. Nikammegea nusu."

"Na wewe mama ulikunywaje?" nikamuuliza jirani.

Akajibu kwa shida, maneno yanapita pembeni ya vidonda. "Kila asubuhi. Bibi yako ana vidole tu, vile ni vidogo. Mimi nina magoti mawili. Mara moja kwa wiki yangesikia saa ngapi?"

Kama siyo sura yake ningecheka. Nikatoka nje nikampigia daktari. Sauti yake ya viazi ikapotea, ikaja nyingine nisiyoijua. "Hivyo vidonge vyote viache. Mpelekeni hospitali iliyo karibu leo hii, si kesho, na mwende na kopo waone amekunywa nini. Mwambie daktari wa huko anipigie." Nikampigia Baba mdogo. Alikuja na gari la mtu wa mabati, akambeba jirani mikononi kama anabeba mama yake, akamlaza kwenye godoro nyuma. Bibi akapanda bila kuulizwa. Njiani mpaka Tarime hakumsema dereva hata mara moja.

Walimlaza. Wakampa dawa za kuirekebisha ile, wakamtundikia maji, wakampima damu kila kukicha. Siku za kwanza niliogopa kumtazama Bibi. Alikuwa anakaa chini kando ya kitanda, kwenye mkeka, na mikono yake ilimuuma kiasi kwamba nilimlisha mimi. Hakulalamika kuhusu mikono. Aliuliza kitu kimoja tu, anakirudia: "Atakufa?" Nami nikawa namjibu, "Bado wanamtibu, Bibi," kwa sababu nilikuwa sijui.

Siku jirani alipoomba uji wa chumvi na kuulalamikia kwamba ni mwepesi, manesi wakacheka, nami nikatoka nje kulia kidogo. Niliporudi alikuwa amekaa, amejiegemeza ukutani, anamtazama rafiki yake kule chini.

"Wewe," akamwambia, "uliniua."

"Nilikugawia," Bibi akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipoeleza, nikiwa nimeshika kijiko cha uji, bila koti jeupe. Nikasema kwenye mikono ya Bibi kuna yowe la uongo, kwa hiyo dawa inakwenda kuwapunguza wapiga yowe na kuwaambia walinzi rudini. Kwenye magoti ya mama hakuna yowe. Magoti yale yamechoka, yamelika kwa kubeba maji na kuni miaka yote, kama bawaba ya mlango. "Sasa wewe, Bibi, ulichukua dawa ya kuwarudisha walinzi, ukaipeleka kwenye mji ambao haukuwa na kelele. Ukawaondoa walinzi wake wenyewe. Na dawa hiyo ikizidi inazuia hata seli mpya kutengenezwa, ndiyo maana kinywa kimechubuka. Ngozi ya mdomoni kila siku inataka mpya."

Jirani akafikiri. "Kwa hiyo mwizi angekuja angenikuta mlango wazi, hata mbwa hayupo."

"Angekukuta hivyo."

"Na wewe ndiye uliyemfukuza mbwa wangu!" akamwambia Bibi.

Bibi akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akilia kwa sauti, hata msibani yeye ndiye anayewashika wengine. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu vidole havikufunguka. "Sasa mimi nitakugawia nini?" akasema. "Nikiwa na kitu kisichogawiwa, nitakinywaje mbele yako?"

Jirani akamwacha alie kwa muda. Halafu akajisogeza kitandani, akapatengeneza mahali, akapigapiga shuka ili Bibi apande akae.

"Nigawie maziwa," akasema. "Kama utaweza kuyakamua. Na mikono hiyo naiona mimi, utakamua machozi."

Nadhani ni dhihaka hiyo iliyomponya Bibi kuliko maelezo yangu. Nilimrudisha Mugumu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akapima damu yake tena, akamwanzishia dawa upya, safari hii kiasi cha muda mfupi mfupi ili arudi kuonwa. Hakumgombeza. Alimwonyesha ile picha ya mikono kwenye mwanga na kumweleza kwamba vidole viwili vya mkono wa kushoto mfupa umeanza kulika, na wiki zile alizokaa bila dawa hazikumsaidia. Bibi akaviangalia vidole hivyo kwenye picha kama anaangalia watoto wa mtu mwingine.

Kule Itiryo Bibi akatengeneza utaratibu wake. Siku ya gulio jirani anakuja na fimbo yake, magoti yanalia, anaketi kwenye kigoda, Bibi anakunywa kidonge mbele yake, peke yake, na jirani anamtazama mpaka ameze. "Fungua mdomo." "Nimemeza." "Inua ulimi." Hivyo ndivyo walivyoyamaliza: mmoja anakunywa, mwingine ana kazi ya kushuhudia, na hakuna aliyekaa bure. Kisha kila mmoja anapata kikombe cha uji wa wimbi.

Ng'ombe akazaa alfajiri moja ya mvua, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Zile siku za mwanzo maziwa ni dang'a, mazito ya manjano, ni ya ndama, hayagusi mtu. Baba mdogo akangoja. Alipofika alikuwa amevaa viatu vya kazi, mkononi kamba mpya ya katani, na gari limesimama barabarani, dereva anapiga mluzi. Alimsalimia mama yake kwa heshima zote. Mimi nilikuwa hapo, nimekuja mahususi.

"Haya, Mama," akasema. "Nione."

Bibi akaingia zizini na kigoda na sufuria ndogo. Akamruhusu ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha nikamvuta pembeni. Akaketi. Akakiegemeza kichwa chake kwenye ubavu wa ng'ombe. Mkono wa kulia ukafunga vizuri. Wa kushoto ukafunga kwa gumba na vidole viwili tu, vile vingine viwili vikabaki vimenyooka kando, kama wageni waliokaa mlangoni. Akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena, taratibu, akibadilisha pembe ya kiwiko, na uzi mwembamba ukagonga chini ya sufuria. Halafu mwingine. Wa kulia mnene, wa kushoto mwembamba, wa kulia mnene, wa kushoto mwembamba.

Alikamua muda mrefu. Ng'ombe akageuka kumtazama kana kwamba anauliza kama amelala. Dereva kule barabarani akapiga honi.

"Mama," Baba mdogo akasema, "kwa mwendo huo ndama ataolewa hujamaliza."

"Nitamkaribisha mkwe maziwa ya moto. Wewe una haraka gani, umeacha misumari inaungua?"

Jirani, aliyekuwa ameegemea uzio na fimbo yake, akacheka mpaka akashika mbavu. Baba mdogo naye akashindwa kujizuia. Akachuchumaa karibu na mama yake, akivitazama vile vidole viwili vilivyonyooka.

"Hivi havitarudi?"

"Daktari amesema havirudi. Hao waliokuja kwa yowe walipita hapo." Hakuacha kukamua. "Lakini waliobaki wanatosha."

Baba mdogo akabaki amechuchumaa pale pale. Aliyasikiliza maziwa. Sufuria ilikuwa imefika katikati na povu limeanza kupanda, na mimi ndama ananivuta, ananilamba mkono kwa ulimi wake wa msasa, anataka kwa mama yake. Bibi akanitupia jicho, kisha akaitazama ile kamba ya katani mikononi mwa mwanawe.

"Kamba nzuri hiyo, mura," akasema. "Mfunge nayo ndama, binti huyu wa ng'ombe atanichelewesha."